Kufufua Shamba la Farasi Kentucky Kabla ya Jalidi

*Katika ukanda wa Bluegrass, ukarabati wa mashamba ya zamani unashindana na kalenda ya baridi, na uhai wa mashamba yenyewe unashindana na hitaji la nyumba.*

Shamba la farasi lililokaa miaka kadhaa bila mwangalizi, katika maeneo yanayolizunguka jiji la Lexington, jimbo la Kentucky nchini Marekani, huonyesha kasoro zake kwa mpangilio unaoweza kumpotosha mmiliki mpya. Kinachoonekana kwanza, hata kutoka barabarani, ni uzio ulioinama, rangi iliyobanduka na malango yaliyong'oka bawaba. Kisichoonekana upesi ni udongo ulioshindiliwa na kwato, malisho yaliyotekwa na magugu, bomba linalovuja chini ya ardhi na shimo la asili ambalo wamiliki waliotangulia waligeuza jaa la taka.

Mmiliki anayekabidhiwa shamba la namna hiyo mwanzoni mwa Septemba, wakati joto la kiangazi linapoanza kuyapisha majira ya kupukutika majani, ana majuma machache tu mbele yake. Jalidi ya kwanza, yaani umande unaoganda juu ya majani halijoto inaposhuka chini ya sifuri, kwa kawaida hulifikia eneo hilo katika nusu ya pili ya Oktoba, na baada ya hapo kazi nyingi za udongo haziwezekani tena hadi mwaka unaofuata.

Kosa linalogharimu mashamba mengi huanzia hapo. Fedha za kwanza hutumika kwenye rangi na malango, kwa sababu ndivyo vinavyowaridhisha wapita njia, wapangaji na benki, ilhali kazi zinazofungwa na majira hupitwa na wakati wake. Kosa hilo si la wamiliki binafsi pekee, kwani hata mjadala wa umma kuhusu mashamba haya, ambao umedumu kwa miongo kadhaa na unahusu maelfu ya ekari, mara nyingi huyapima kwa mandhari yake badala ya kuyapima kwa hali ya ardhi yake.

Ardhi iliyozaa sifa

Chini ya ukanda wa Bluegrass kuna mawe ya chokaa ya enzi ya Ordovisi, yaliyotokana na mashapo ya bahari ya kina kifupi takriban miaka milioni 450 iliyopita. Mawe hayo yana kalisi na fosforasi nyingi, madini ambayo hupita kwenye udongo na maji hadi kwenye nyasi, na ambayo wafugaji tangu karne ya 19 wameyataja kuwa ndiyo siri ya mifupa imara ya farasi wao. Nyasi zenyewe, ziitwazo bluegrass, ingawa dunia nzima inazihusisha na Kentucky, asili yake ni Ulaya na Asia, nazo zilifika huko pamoja na walowezi.

Juu ya ardhi hiyo ilijengwa biashara ya farasi wa mbio, ambayo kitovu chake cha mauzo leo ni Keeneland, uwanja wa mbio na mnada uliofunguliwa mwaka 1936. Kila Septemba huuzwa hapo farasi wa umri wa mwaka mmoja, Oktoba hufanyika mbio, na Novemba huuzwa majike wa kuzalisha, wengi wao wakiwa na mimba. Kwa hiyo majira ya kupukutika majani ndiyo kipindi ambacho mashamba hukaguliwa na wanunuzi wengi zaidi, jambo linalozidisha kishawishi cha kuanza na rangi.

Historia hiyo ina upande ambao kwa muda mrefu uliandikwa kwa wino hafifu. Katika mbio za kwanza za Kentucky Derby, mwaka 1875, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa Wamarekani weusi. Mshindi, Oliver Lewis, alimpanda farasi Aristides, ambaye mkufunzi wake, Ansel Williamson, alizaliwa utumwani. Mashamba yalijengwa na kuendeshwa kwa ujuzi wa watu hao, hadi ubaguzi wa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 ulipowasukuma nje ya viwanja vya mbio na kuwabakiza zizini, wakiwa masaisi wasiotajwa majina.

Udongo hausubiri fundi wa rangi

Chuo Kikuu cha Kentucky, ambacho kina idara inayochunguza malisho ya farasi, huwashauri wafugaji kupanda nyasi za msimu wa baridi kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Septemba. Sababu yake ni rahisi kueleweka: udongo bado una joto la kuotesha mbegu, magugu ya kiangazi yanakaribia mwisho wa maisha yake, na miche hupata takriban majuma sita ya kujenga mizizi kabla ya baridi kuibana. Mbegu inayotupwa mwishoni mwa Oktoba huweza kuota, lakini mche wake hunyanyuliwa na ardhi inayoganda na kuyeyuka, mizizi ikabaki hewani.

Kabla ya mbegu hutangulia kipimo cha udongo, ambacho gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kukosea. Katika ukanda huu kipimo hicho mara nyingi huleta habari njema, kwa kuwa udongo uliotokana na mawe yenye fosforasi hauhitaji kuongezewa mbolea ya madini hayo. Mmiliki anayeiweka kwa mazoea hutupa fedha, na mvua huisomba mbolea hiyo hadi kwenye mito, ambako hulisha mwani unaonyima samaki hewa. Kinachohitajika zaidi ni chokaa ya kupunguza uchachu wa udongo, nayo hufaa kusambazwa wakati huu kwa sababu huchukua miezi kadhaa kufanya kazi.

Ugumu wa kweli uko kwenye swali la mahali pa kuwaweka farasi wakati malisho yanapumzika. Farasi hula nyasi hadi karibu na shina, tena hurudia palepale penye nyasi changa, hivyo malisho yaliyopandwa upya hayawezi kustahimili meno wala kwato zake hadi yatakapokomaa mwaka unaofuata. Shamba linalojipanga vizuri hutenga kiwanja kidogo cha kokoto, kilichotandikwa kitambaa maalumu cha kuzuia mawe yasizame kwenye tope, ambamo wanyama hulishwa nyasi kavu kwa miezi ya mvua na baridi. Kiwanja hicho hakipendezi machoni, na pengine ndiyo sababu hukosekana kwenye bajeti nyingi, lakini bila hicho kila ekari ya shamba hugeuka tope ifikapo Februari.

*"Kiwanja cha kokoto hakipendezi machoni, lakini bila hicho kila ekari ya shamba hugeuka tope ifikapo Februari."*

Kuna pia hatari iliyomo ndani ya nyasi zenyewe. Nyasi za feski ndefu, zilizoenea katika mashamba mengi ya Kentucky kwa sababu ya ustahimilivu wake, huishi pamoja na kuvu isiyoonekana kwa macho, ambayo hutengeneza sumu inayobana mishipa ya damu na kuvuruga homoni. Farasi jike anayezila katika miezi ya mwisho ya mimba huweza kupitiliza siku zake, kuwa na kondo nene ambalo mtoto hushindwa kulipasua, na kuzaa bila maziwa. Kwa kuwa mimba ya farasi huchukua takriban miezi 11 na uzazi wa mashamba haya huanza Januari, wataalamu hushauri majike waondolewe kwenye feski katika siku 60 hadi 90 za mwisho, ushauri ambao kwa wale wanaotangulia kuzaa maana yake ni Oktoba au Novemba. Mmiliki asiyejua ni feski kiasi gani imo malishoni mwake anahatarisha zao la mwaka mzima.

Jambo lililopuuzwa kuliko yote ni mashimo ya asili. Maji ya mvua, yanapopenya, huyayeyusha mawe ya chokaa polepole na kuacha mapango, na paa la pango linapoporomoka juu yake hutokea shimo mithili ya faneli. Vizazi vya wakulima vilitupa humo nyaya, makopo ya dawa, matairi na hata mizoga, bila kufahamu kwamba faneli hiyo huyapeleka maji moja kwa moja kwenye chemchemi bila kuchujwa na udongo. Kuliondoa jaa la namna hiyo, kuzungushia shimo uzio na kuacha ukanda wa majani marefu pembeni mwake ni kazi inayofaa kufanywa Septemba na Oktoba, miezi ambayo kwa kawaida ina mvua chache. Hakuna mnunuzi atakayelisifia shimo lililosafishwa, lakini majirani wote wanaochota maji chini yake watanufaika.

Miti inayoua na miti inayosingiziwa

Majani yanapoanza kupukutika, ukaguzi wa miti huwa wa lazima. Majani ya mepo mwekundu, mti unaopendwa kwa rangi yake ya Oktoba, hayana madhara makubwa yakiwa mabichi mtini, lakini yakinyauka huwa na sumu inayoharibu chembe nyekundu za damu ya farasi na kuweza kumuua kwa siku chache. Tawi moja lililoangushwa na upepo ndani ya malisho ni dharura. Vipande vya mbao za mjozi mweusi, vikichanganywa kwenye matandiko ya zizi, husababisha uvimbe wenye maumivu makali ndani ya kwato, hata kama farasi hakuvila bali alivisimamia tu.

Somo kubwa zaidi lilitolewa na mcheri mwitu. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2001, mashamba ya Kentucky yalipoteza maelfu ya mimba na watoto wachanga wa farasi katika janga ambalo mwanzoni lilihusishwa na kuvu, jalidi na hata majani ya mcheri yenye sianidi. Uchunguzi uliwaelekea viwavi wanaojenga utando kwenye miti hiyo: farasi majike walikuwa wakiwala pamoja na nyasi. Mashamba mengi yaliikata micheri yote, uamuzi unaoeleweka kwa watu waliokuwa wakizika watoto wa farasi kila asubuhi, ingawa ipo njia ya kiasi zaidi, kwani mayai ya viwavi hao hukaa kwenye vijiti tangu kiangazi hadi Machi, na miti ikishapukutisha majani mafungu yake meusi huonekana kwa urahisi yakakatwa na kuchomwa.

Uzio, kuta na zizi

Uzio wa Kentucky ni wa mbao nne za mwaloni, zilizopigiliwa upande waliko farasi ili mnyama anapouegemea auelemeze kwenye nguzo badala ya kuzing'oa mbao misumari. Rangi nyeupe ya picha za zamani imeachwa na mashamba mengi kwa sababu ya gharama ya kuipaka mara kwa mara, na nafasi yake imechukuliwa na nyeusi ya lami. Anayekwangua rangi ya zamani anapaswa kukumbuka kwamba rangi za majumbani zenye risasi zilipigwa marufuku Marekani mwaka 1978 tu, kwa hiyo maganda yanayodondoka kwenye malisho yanaweza kuwa sumu kwa farasi na kwa fundi. Waya wa miiba hauna nafasi katika shamba la farasi, mnyama ambaye akishtuka hukimbia kwanza na kutazama baadaye.

Kuta za mawe ni urithi wa aina nyingine. Zilipangwa katika karne ya 19 bila saruji, kwanza na mafundi wa Kiayalandi, kisha, kwa kiwango kikubwa, na Waafrika waliokuwa watumwa pamoja na wazao wao, waliouendeleza ufundi huo baada ya kuachwa huru. Kuziba nyufa zake kwa saruji ni kuziharibu, kwani maji yanayonaswa ndani huganda, hutanuka na kuupasua ukuta ambao ulidumu miaka 150 kwa sababu tu ulikuwa ukipumua. Shirika la Dry Stone Conservancy, lililoanzishwa Lexington mwaka 1996, linafundisha upya ufundi huo, na kila ukuta unaokarabatiwa ipasavyo ni kumbukumbu ya waliouweka jiwe kwa jiwe, wengi wao bila ujira.

Zizi, ambalo wengi hulianzia, linahitaji mambo machache yaliyo wazi: paa lisilovuja, vyumba vya takriban mita 3.7 kwa mita 3.7, nyaya za umeme zilizo ndani ya mabomba ya chuma au plastiki ngumu ili panya wasizitafune, na nyasi kavu zihifadhiwe katika jengo jingine, kwa sababu marobota yaliyofungwa yakiwa na unyevu huchacha, hupata joto na huweza kuwaka yenyewe. Anayeziba kila upenyo ili farasi wasione baridi huwadhuru, kwa maana mnyama huyo huvumilia baridi vizuri kuliko anavyovumilia vumbi na harufu kali ya mkojo. Mabanda ya tumbaku, yaliyobaki matupu kwa wingi baada ya serikali ya shirikisho kufuta mgawo wa zao hilo mwaka 2004, yamegeuzwa mazizi mazuri hasa kwa sababu yalijengwa ili yapitishe upepo.

Nyumba au malisho

Swali la iwapo mashamba haya yastahili gharama hiyo limeigawa Lexington kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1958 jiji hilo lilikuwa la kwanza Marekani kuchora mpaka wa huduma za mji, yaani mstari ambao mifereji ya maji taka na ujenzi mnene havivuki. Mwaka 1999 kiwango cha chini cha kiwanja nje ya mstari kilipandishwa kutoka ekari 10 hadi 40, na mwaka 2000 ukaanzishwa mpango wa kununua haki za uendelezaji, ambao humlipa mwenye shamba ili aache daima haki ya kuligawanya na kulijenga, huku ardhi ikibaki yake kuuza au kurithisha. Lengo lilikuwa ekari 50,000, na zaidi ya ekari 30,000 zimekwishalindwa.

Wanaoutetea mpaka huonyesha yaliyotokea Hamburg Place, shamba ambako John E. Madden alizalisha washindi watano wa Kentucky Derby, ambalo tangu miaka ya 1990 sehemu yake kubwa imegeuzwa maduka na makazi. Huonyesha pia Calumet, lililokuwa na washindi wanane wa mbio hizo kabla ya kufilisika mwaka 1991 na kuuzwa mnadani mwaka uliofuata. Likanusurika kwa sababu mnunuzi alitaka libaki shamba. Mwaka 2006 Mfuko wa Dunia wa Minara ya Kihistoria uliuweka ukanda mzima katika orodha ya maeneo 100 yaliyo hatarini zaidi.

Upande wa pili una hoja isiyoweza kupuuzwa. Watu wameongezeka, kodi za nyumba zimepanda, na wanaobanwa zaidi ni wenye kipato kidogo, wakiwamo familia za wakimbizi kutoka mashariki mwa Kongo, ambazo kwa uwepo wao Kiswahili sasa ni miongoni mwa lugha za kigeni zinazosemwa zaidi katika shule za umma za Lexington. Mama anayelipia chumba kidogo karibu na kiwanda anachofanyia kazi haoni kwa nini mandhari ya wenye farasi wa thamani ilindwe kwa kodi yake. Mwaka 2023 baraza la jiji liliamua kuupanua mpaka kwa mara ya kwanza tangu 1996, kwa kiwango cha kati ya ekari 2,700 na 5,000.

*"Hoja ya mandhari pekee haiwezi kumjibu mtu asiye na nyumba, hoja ya udongo na maji inaweza."*

Hoja ya mandhari pekee haiwezi kumjibu mtu asiye na nyumba. Hoja ya udongo na maji inaweza, kwa sababu ardhi yenye rutuba ya asili kiasi hiki ikishafunikwa kwa lami haitengenezwi tena, na chemchemi inayochafuliwa juu ya mlima hufika kwenye mabomba ya wote. Lakini hoja hiyo ina nguvu pale tu ambapo shamba lililolindwa linatunzwa kweli. Shamba lenye uzio mweusi unaong'aa, na nyuma yake udongo ulioporomoka na shimo lililojaa takataka, halina faida kwa mkazi wa mjini, na fedha zake zilizotumika kulinunulia haki zingeweza kujenga nyumba ndani ya mpaka, ambako bado viko viwanja vitupu.

Lipo pia suala la mikono. Will Harbut, saisi aliyemtunza farasi mashuhuri Man o' War katika shamba la Faraway na kuwasimulia habari zake wageni kwa maelfu kabla ya yeye na farasi huyo kufariki mwaka 1947, aliishi Maddoxtown, kijiji cha watu weusi kilicho karibu na mashamba hayo. Zizi la farasi huyo limekarabatiwa kwa uangalifu mkubwa. Vijiji vya masaisi havikupata bahati hiyo kwa kiwango sawa, na leo kazi ya kuamka saa kumi alfajiri kusafisha vyumba hufanywa kwa sehemu kubwa na wahamiaji kutoka Amerika ya Kilatini, ambao makazi yao shambani huwa ya mwisho kuwekewa paa jipya.

Ikiwa umma utaendelea kulipa, na kuna sababu nzuri za kulipa, basi mkataba wa kununua haki za uendelezaji usiishie kwenye katazo la kugawanya ardhi. Udongo upimwe, mashimo ya asili yachorwe kwenye ramani na nyumba za wafanyakazi zikaguliwe, na taarifa hizo zote ziwe mezani kabla bei ya ekari ya kwanza haijatajwa.